Kanda ya Mgwashi na Barua Niliyosaini

Mkuu mpya wa kitengo ameniomba niandike kumbukumbu zangu za kazini kwa ajili yenu mnaoanza. Akasema ziwe fupi, na ziwe za kutia moyo. Ufupi nitajitahidi. Hilo la pili hapana. Nimestaafu juzi tu, nimekabidhi funguo, nimekunywa soda ya kuagwa, nimepewa kitenge na saa ya ukutani, na bado nina hasira. Nimeona heri niiandike kuliko kukaa nayo nyumbani Malindi, ile ya huku huku Lushoto, nikiwafokea kuku.

Niliingia kituo hiki cha mafunzo ya wakulima kama mpiga chapa. Kitengo cha picha kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbegu, na ndani yake alikuwemo Mzee Singano, mtu wa Tanga mjini, mfupi, mwenye koti la sufu mwaka mzima kwa sababu baridi ya Lushoto hakuizoea mpaka anaondoka. Alihitaji mtu wa kumbebea stendi ya kamera. Wanaume wote wa kituo walikuwa na kazi muhimu zaidi, kwa hiyo nikapelekwa mimi.

Siku ya kwanza hakunionyesha kamera. Alinikalisha mbele ya televisheni, akaweka kanda ya saa nzima ya kilimo cha kabichi, akaniambia niitazame yote bila kugusa kitufe. Ilipoisha nikamfuata uani.

"Mzee, nimemaliza."

"Dakika ya thelathini na tatu kuna nini?"

"Kabichi."

"Rudia."

Nikarudia. Dakika ya thelathini na tatu, nyuma ya bwana shamba anayeeleza mbolea, kulikuwa na mtu amegeukia mti anajisaidia haja ndogo. Kanda hiyo ilikuwa ioneshwe kesho yake kwa umoja wa wanawake wa usharika. Mzee Singano hakucheka. Alisema, "Kazi yetu ni kutazama, Naomi. Kubonyeza hata mbuzi anaweza." Nilifanya naye kazi miaka mingi na sikuwahi kusikia amesifu mashine yoyote. Aliziamini kiasi alichowaamini watu wanaoongea haraka.

Kamera za begani zilipochakaa zikaja zile ndogo za kushika kiganjani, na kanda zake za kidijitali zilizokaribia ukubwa wa kiberiti. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia maishani mwangu, na nusu ya ugomvi wangu wote wa kazini ukaanzia hapo. Nawaandikieni haya kwa sababu makabatini kote wilayani bado kuna kanda za namna hii, za harusi, za vipaimara, za marehemu, na wenyewe watazileta kwenu.

Watu wengi huchomeka kebo ya yuesibii, wakapata picha mbili tatu za mgando, wakasema video imefutika. Haijafutika. Katika kamera nyingi za aina ile yuesibii ni njia ya picha zilizo kwenye kadi tu. Video iliyo kwenye kanda hupita kwenye kebo ya fayawaya, yenye kichwa kidogo cha pini nne upande wa kamera na kikubwa zaidi upande wa kompyuta. Zima vyote viwili kabla ya kuchomeka. Tundu la fayawaya huungua kimyakimya, na aliyeliunguza huwa hayupo. Usitumie betri, tumia umeme, la sivyo kamera italala katikati ya kazi kama mlinzi wetu wa lango. Iweke upande wa kucheza, usiiache upande wa kupiga. Kanda ya saa moja inakula karibu gigabaiti kumi na tatu, kwa hiyo usije kuniambia diski imejaa kana kwamba ni uchawi. Na hapa kwetu, kamera ikitoka kwenye gari lenye baridi ya ukungu ikaingia chumba chenye jiko la mkaa, itawasha alama ya tone la maji na kugoma. Ina haki. Iache wazi ikauke, na wewe kaa chini. Nimeona mtu mwenye digrii akiipiga makofi.

Kuna jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililoniharibia miaka yangu ya mwisho. Kamera huandika juu ya kanda saa yake yenyewe, dakika na sekunde, tunaita taimkodi. Kompyuta hufuata saa hiyo inaponasa video. Mpiga picha akiacha pengo tupu kwenye kanda, hata la nusu dakika, saa hukatika, na baada ya pengo huanza tena sifuri. Programu nyingi zikifika kwenye pengo husimama na kuandika kwamba kanda imeisha. Kumbe haijaisha.

Twende Mgwashi.

Mzee Singano alikuwa ameshastaafu, nami ndiye niliyekuwa nikipiga picha. Tulikwenda kurekodi matuta ya ngazi na majani ya guatemala, yale yanayoshika udongo, kwenye shamba la mtu anayeitwa Zakayo, mkulima hodari, mrefu, mwenye sauti ya mwimba besi wa kwaya. Mkewe, Damari, ndiye aliyechimba sehemu kubwa ya matuta yale. Zakayo mwenyewe alilisema hilo mara tatu. Alikuwepo pia mdogo wake Zakayo, Yeremia, anatufuata nyuma, mchangamfu, anataka kuonekana.

Nilirekodi matuta dakika kama kumi na moja. Zakayo akauliza kama anaweza kujiona. Nikarudisha kanda, nikamfungulia kioo kidogo cha pembeni. Mtu mzima yule alicheka mpaka akashika magoti. Akamwita Damari, "Njoo umwone mzee wako amekuwa waziri!" Wakaomba tena, nikawarudishia tena. Kisha nikasogeza kanda mbele ili niendelee, na kwa kuwa sikutaka kufuta kitu, nikaisogeza kupita kiasi. Pengo lile niliweka mimi. Kwa mkono huu.

Kisha Zakayo akasema jambo ambalo hatukulifuata sisi. Alisimama kwenye sale la mpakani, ule mmea tunaopanda huku kutenganisha mashamba, akaomba arekodiwe. Nakumbuka alisafisha koo. Nakumbuka Yeremia alisimama kando yake. Maneno yenyewe, niliporudi Lushoto, sikuyakumbuka tena. Tulikuwa na vijiji vinne wiki ile, na mvua ilitukimbiza.

Miaka ikapita. Zakayo akafariki kwa kifua. Na kituo kizima kikapata mkuu mpya, mtu wa suti, aliyependa neno "usasa." Aliamua kanda zote za kitengo zihamishiwe kwenye kompyuta kwa wiki mbili na kanda zenyewe ziondolewe, kwa sababu alihitaji chumba kwa ajili ya viti vya wageni. Nilimwambia kanda zaidi ya mia mbili, za saa moja moja, haziwezi kuhamishwa na kutazamwa kwa wiki mbili.

"Bi Naomi, nani kasema zitazamwe?" akaniuliza. "Mashine itafanya."

Akaletwa mtaalamu kutoka makao makuu, Bwana Fredi. Sitamtukana, alikuwa kijana mwenye adabu, alinisalimu shikamoo kila asubuhi. Alifunga kamera tatu kwenye kompyuta tatu, akaiambia programu ijiendeshe, akaenda kunywa chai. Akirudi, kanda iliyosimama anaitoa, anaweka nyingine. Nilimuuliza kwa nini kanda nyingi zinatoa dakika kumi, dakika sita, wakati nakumbuka zilijaa.

"Mama, kompyuta imeandika mwisho wa kanda."

"Umetazama?"

"Mama, zote hizi nitatazama saa ngapi?"

Nilipaswa kukaa pale na kutazama mwenyewe. Niliondoka, kwa sababu nilikuwa nimeudhika na nilitaka washindwe ili nipate kusema niliwaambia. Nawaelezeni hivyo hivyo ilivyokuwa. Nilinuna, na kununa kwangu kukamgharimu mtu mwingine.

Mwezi uliofuata Damari alikuja kituoni. Alikuwa ametembea mpaka barabarani na kupanda magari mawili. Akaniamkia, "Shikamoo dada Naomi," akakaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba wake mapajani. Akanieleza kwamba baada ya arobaini ya mumewe, Yeremia aling'oa masale ya mpakani na kusema shamba lote ni la baba yao, linarudi kwenye ukoo. Kesi ilikuwa imefika baraza la kata. Alikuwa na watoto watatu.

"Dada, wewe ulimrekodi mwenyewe. Zakayo alisema mbele yako. Yeremia alikuwepo, akaitikia. Nipe ile picha tu."

Nikamwambia nitaitafuta. Nikaenda kwa Bwana Fredi, akafungua faili la Mgwashi. Matuta. Majani. Zakayo anaeleza jinsi ya kuchimba. Dakika kumi na moja na sekunde kadhaa, kisha mwisho.

"Ndiyo yote hiyo?" nikauliza.

"Kanda imeishia hapo, mama. Huku mbele ni tupu."

Mkuu alitaka jambo liishe. Baraza lilikuwa limeandika kuuliza, naye akaamuru barua ijibiwe siku hiyo hiyo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyerekodi, nisaini mimi. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema kituo kimekagua kanda ya Mgwashi na hakuna mahali popote marehemu anapozungumzia mgawanyo wa shamba.

*Kimekagua.* Neno hilo nilipiga chapa mwenyewe, na nikaweka sahihi chini yake. Kanda ilikuwa kwenye sanduku hatua sita kutoka kwenye meza yangu.

Barua ilisomwa mbele ya baraza. Nilisimuliwa baadaye kwamba Yeremia aliinua mikono akasema, "Mnaona? Hata watu wa serikali wanasema shemeji ni mwongo." Shamba akapewa yeye. Damari akahamia na wanawe kwenye jiko la mama yake, akakata rufaa baraza la wilaya bila kitu mkononi. Akalima vibarua kwenye mashamba ya watu. Misimu minne ya mvua. Mimi niliendelea kuja kazini na kula maandazi yangu ya saa nne.

Ukweli niliupata kwa bahati tu, na hilo linaniuma hadi leo. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Mwenyekiti wa kikundi cha vitalu vya miche cha Malindi, kijijini kwetu, alikuja kuomba video yao. Faili lilikuwa la dakika sita. Akaniambia, "Dada, mimi niliongea humo nusu saa. Nilivaa tai." Tai ile niliikumbuka vizuri, ilikuwa ya mtu mwenye shingo nene zaidi. Nikauliza kanda ziko wapi. Mtunza ghala akasema ziliamriwa zichomwe kwenye shimo la takataka, lakini mvua za rasharasha hazikuacha wiki zile, akaziweka chini ya upenu wa jiko, kisha akazisahau.

Zilikuwa pale, masanduku manne yamelowa chini, panya wameshaanza. Nikachukua ya Malindi, nikaiweka kwenye kamera, nikabonyeza kucheza, nikakaa na kutazama kwa macho yangu. Dakika ya sita picha ikakatika. Kioo kikawa cha bluu. Nikakiangalia. Bluu, bluu, nusu dakika ya bluu. Kisha mwenyekiti na tai yake, na saa pembeni inaanza upya kwenye sifuri.

Sikuwaza Malindi hata kidogo. Niliwaza Mgwashi. Niliinuka nikaanza kupekua masanduku.

Kanda ya Mgwashi ilikuwa sanduku la tatu, chini kabisa, lebo imefutika nusu. Ndani ya kidirisha chake kulikuwa na ukungu wa kuvu, mweupe kama unga wa muhogo. Sikuthubutu kuicheza hapo hapo. Kanda yenye ukungu huchafua vichwa vya kamera vinavyoisoma kanda, na vichwa vikichafuka picha hukatika vipande vya mraba na sauti kukwaruza. Niliiacha siku tatu kwenye kopo la mchele mkavu uliofunikwa kitambaa, nikaisogeza mbele na nyuma mara mbili ili ilegee. Nikasafisha vichwa kwa kanda ya kusafishia, sekunde kumi, bila kuzidisha, kwa sababu kanda ile hukwangua. Kisha nikacheza.

Bluu ilichukua sekunde arobaini na moja. Niliihesabu kwa sauti. Na akatokea Zakayo kwenye sale, anasafisha koo.

Sitaki kuandika nililia. Nililia, lakini kwa hasira. Nilipiga ngumi kwenye kabati mpaka karani wa jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Sasa ilibidi iingie kwenye kompyuta, kwa sababu baraza la wilaya, ambako rufaa ya Damari ilikuwa bado inangoja, lilitaka nakala kwenye diski. Kompyuta mpya za kituo hazikuwa na tundu la fayawaya. Kadi iliyokuwa nalo iliondoka na Bwana Fredi. Kebo ilikuwa imetupwa pamoja na "makorokoro." Nikaenda mjini kwa Hosea, mwenye studio ya kurekodi harusi, ambaye hajawahi kutupa kitu maishani mwake. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa chini ya mashine ya kushonea ya mkewe.

"Mgosi, inawaka?" nikamuuliza, kama tunavyowaita wanaume kwa Kishambaa.

"Inawaka ikipenda."

Ilipenda mara ya tatu. Haikuitambua kamera. Tukabadilisha kebo, haikuitambua. Hosea akaanza kutafuta draiva, programu ya kuitambulisha kamera kwa kompyuta, nikamwambia asubiri, nikatazama kamera: ilikuwa upande wa kupiga. Mimi, baada ya miaka yote ile! Nikaigeuza, kompyuta ikaiona. Programu ikaanza yenyewe kuirudisha kanda nyuma kuutafuta mwanzo, nikabonyeza kusimamisha haraka kabla haijapita tena kwenye pengo. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiambia programu isiiendeshe kamera hata kidogo. Nikaisogeza kanda kwa mkono mpaka baada ya bluu, nikaruhusu kompyuta inase, nikabonyeza kucheza mwenyewe. Dakika mbili, vipande vya mraba. Simamisha, safisha, rudia. Tena. Mara ya nne ikapita yote, dakika tisa, bila mkwaruzo mahali pa maneno.

Hosea alisimama nyuma yangu na mikono mfukoni. Tulimsikia Zakayo akisema: "Kuanzia sale hili mpaka lile la mtoni, shamba hili nimempa mke wangu Damari. Alilichimba yeye. Nikiondoka, mtu asimguse." Na Yeremia, kando yake, kofia mkononi, anasema kwa sauti ya wazi kabisa, "Tumesikia, kaka."

"Mungu wangu," Hosea akasema. "Huyu ndiye aliyelichukua?"

"Ndiye."

Kesho yake asubuhi nikaingia kwa mkuu na barua mpya. Nilikuwa nimeandika kwamba barua ya kwanza haikuwa kweli, kwamba kanda haikukaguliwa, na kwamba maneno ya marehemu yapo. Aliisoma mara mbili.

"Unaiaibisha taasisi, Bi Naomi."

"Taasisi imemtoa mjane shambani, mkuu."

"Andika kwamba umepatikana ushahidi mpya."

"Si mpya. Ulikuwepo siku tuliyosema haupo."

"Hitilafu za kiufundi hutokea."

Hapo nilipandisha sauti, na walionisikia mpaka ghala la mbegu wanajua nilichosema, sina haja ya kukirudia. Hitilafu ya kiufundi ni vichwa vichafu. Hitilafu ya kiufundi ni tone la maji kwenye kamera. Mtu kuandika "tumekagua" bila kukagua ni uongo, hata akiuandika kwa kompyuta. Alikataa kusaini. Nikasaini peke yangu, kama nilivyosaini ile ya kwanza, nikagonga mhuri wa kitengo, nikaondoka nayo.

Mbele ya baraza la wilaya Yeremia alikuja na koti jipya. Tulipomaliza kucheza diski, akasema picha za kompyuta siku hizi zinatengenezwa, kila mtu anajua. Mwenyekiti wa baraza akanigeukia. Nikatoa kamera kwenye mfuko, nikatoa kanda yenyewe na lebo yake iliyofutika nusu, nikaiunganisha na televisheni yao, nikacheza kutoka mwanzo. Matuta. Majani. Bluu. Nikawaambia, "Hapa ndipo tuliposema imeisha. Naomba mwendelee kutazama." Watu wazima saba walitazama kioo cha bluu kwa sekunde arobaini na moja bila kukohoa. Kanda ile ingechomwa kama ilivyoamriwa, nisingekuwa na jibu. Liandikeni hilo ukutani: mkishahamisha video, kanda yenyewe msitupe.

Damari alikuwa amekaa benchi la mbele. Mumewe aliposema jina lake, hakulia. Alimtazama Yeremia, akaendelea kumtazama mpaka picha ikaisha, na Yeremia alikuwa anatazama viatu vyake.

Shamba akarudishiwa. Hukumu ilipotoka nilipanda kwenda Mgwashi kumwona. Yeremia alikuwa ameacha matuta yabomoke. Majani ya guatemala alikuwa ameyang'oa, udongo wote mwekundu umeteremkia mtoni. Damari alikuwa ameinama na jembe anaanza tuta la juu kabisa, upya. Aliniona nikija tangu njiani na hakusimama. Nilipofika hakuniamkia. Mnajua huku kwetu maana yake, mtu wa umri wake kunyamaza mbele ya mtu wa umri wangu.

Nikasema, "Damari, nimekuja kukuomba msamaha."

Aliendelea kulima mistari miwili. Kisha akaegemea jembe.

"Barua yako ilisomwa wapi?"

"Barazani."

"Mbele ya watu. Wanangu waliitwa watoto wa mwongo, shuleni na kanisani. Binti yangu mkubwa aliacha shule kwa ajili ya vibarua, na sasa hataki kurudi, anaona aibu kukaa na wadogo. Halafu wewe unakuja kuniomba msamaha shambani, hapa ambapo hakuna mtu?"

Nikatazama tuta alilokuwa akilianza.

"Kaombee mahali pa watu," akasema, akarudi kwenye jembe.

Nilimpigia mkuu simu nikamwambia Jumapili nitakwenda usharika wa Mgwashi, na kwamba Damari anastahili kuwaona wote waliohusika. Akasema ana mkutano. Bwana Fredi nilimtafuta makao makuu. Alisikitika kweli, akasema hawezi kupata ruhusa. Kwa hiyo nilikwenda peke yangu.

Baada ya ibada, wakati wa matangazo, mchungaji aliniita mbele. Kanisa lilikuwa limejaa. Yeremia alikuwepo, upande wa wanaume, safu ya tatu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikaikunja. Nikasema: "Naitwa Naomi. Barua iliyosomwa barazani kwamba Zakayo hakusema neno juu ya shamba, niliisaini mimi. Niliandika kwamba tumekagua kanda. Sikuikagua. Kanda ilikuwa karibu yangu na sikuitazama. Damari alisema kweli tangu siku ya kwanza. Mwongo nilikuwa mimi." Nikarudia maneno ya mwisho kwa Kishambaa, ili akina bibi waliokaa nyuma wasikose.

Hakuna aliyesema amina. Nilibaki nimesimama mbele ya madhabahu, mikono haijui pa kwenda, mwanamke wa miaka sitini aliyezoea kuwa nyuma ya kamera. Mchungaji alimtazama Damari. Kanisa lote likamtazama Damari. Alikuwa upande wa dirishani na wanawe watatu, yule binti mkubwa ameinua kichwa. Damari alisimama taratibu, akatengeneza khanga yake begani.

"Umesikika," akasema. "Sasa kaa."

Nikakaa.